Siwema Hakuuliza Nani

Ijumaa iliyopita, baada ya sala na baada ya biriani, vijana waligombana sebuleni kwangu kwa sababu ya injini ya gari.

Nakaa Mansoura, hapa Doha, na mjukuu wangu Salma na mumewe Hamisi, anayefanya kazi katika hoteli moja Lusail. Ijumaa nyingi huja rafiki yao Kelvin, Mkenya, mlinzi wa hoteli hiyohiyo. Si Mwislamu, lakini hungoja chini ya jengo mpaka Hamisi arudi msikitini ndipo wapande pamoja, nami hupenda adabu yake hiyo kuliko sala za baadhi ya watu. Siku hiyo walikuwa wamemaliza tamthilia ya majambazi waliyoifuata kwa miezi mingi kwenye simu zao. Nilivyoelewa, mwisho wake ulikuwa hivi: jambazi mkuu amekaa ndani ya gari nje ya nyumba ya mama yake, injini inanguruma. Mara injini inanyamaza, picha inakuwa nyeusi, na majina ya waigizaji yanapanda.

"Jamaa alidedi," Kelvin alisema. "Polisi walikuwa wamemzunguka kitambo."

"Polisi gani, bwana?" Hamisi akadakia. " Kazima gari ashuke akamwone mama yake. Wewe Kelvin, kwako kila mtu kafa."

"Mimi ni mlinzi, bro. Mtu akikaa kwa gari hivyo, huyo haendi kusalimia mtu."

"Nyinyi wanaume mmetazama gari tu," Salma akaingilia. "Pazia la mama yake lilisogea. Hamkuliona?"

"Pazia? Pazia liliguswa na upepo!"

"Upepo ndani ya nyumba yenye eisi?"

Wakacheka, wakanigeukia. "Bibi, hebu amua wewe."

"Mimi sikuitazama," nikasema.

"Ndiyo maana utaamua kwa haki!"

Nikacheka pamoja nao, kisha nikachukua sahani nikaenda nazo jikoni, ingawa Salma alikuwa amekwisha kunikataza kuosha vyombo. Nilisimama mbele ya sinki, maji yakimwagika bure, Mungu anisamehe, na mbele yangu nilimwona mama. Amekaa juu ya mkeka katika ua wa nyumba yetu ya zamani, si mbali sana na hapa nilipo, kofia aliyokuwa akiishona iko magotini, na sindano imesimama hewani.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikuwa tumefika Doha nikiwa mdogo, mimi na mama, tumeletwa na kaka yake, Mjomba Seif, aliyekuwa karani bandarini. Baba alibaki nyumbani, kule visiwani, kumalizia mambo ya duka. Alituambia atatufuata baada ya masika. Zilikuja barua mbili, kisha hazikuja tena. Masika yalipita, yakapita mengine, na kila aliyetoka huko alikuja na neno lake. Mmoja alisema baba kaonekana Mombasa, mwingine alisema alipanda chombo ambacho hakikufika. Mama aliwasikiliza wote, akawakaribisha kahawa, akarudi kwenye kofia zake.

Nyinyi wa umri wangu mtaikumbuka redio ya zama zile, ya betri, imevalishwa koti la ngozi lenye matundu mbele, nayo ikipata joto ngozi inatoa harufu kama ya viatu vipya. Yetu ilikaa dirishani na waya wake ulifungwa kwenye kamba ya nguo. Kila Alhamisi baada ya Magharibi Mjomba alizungusha kitufe taratibu, sikio limebandikwa, mpaka akaikamata stesheni ya nyumbani. Sauti ilikuja ikaondoka, kama mtu anayezungumza huku anapita kutoka chumba hadi chumba. Na jirani zetu Waswahili, ambao walikuwa nyumba chache za kuhesabika, walikuja na mikeka yao kusikiliza mchezo wa Sajini Faki.

Kisa chake nitakieleza kwa ufupi. Ghala la karafuu limevunjwa, mlinzi kajeruhiwa, na anayetuhumiwa ni mchukuzi mmoja aitwaye Pandu. Pandu anakimbia. Sajini Faki, askari mkali mwenye fungu la funguo kiunoni lililolia kila alipopiga hatua, anamwandama mji kwa mji. Na nyumbani yupo mke wa Pandu, Siwema, anayengoja. Kila wiki kulikuwa na mtu aliyebisha kwa Siwema: mara askari, mara mpelelezi aliyejifanya muuza samaki, mara mtu mwenye salamu za uongo. Kila wiki tulishika roho.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakijua mimi peke yangu. Pandu alikuwa baba yangu.

Sura ya baba sikuwa nayo. Nilimwacha nikiwa mdogo mno. Nilichokuwa nacho ni kikohozi chake. Kabla ya kusema neno lolote baba alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Na Pandu naye, kila alipotaka kusema, alikohoa mara mbili. Majina ya waigizaji yaliposomwa mwishoni, mawimbi ya redio yalikuwa yamekwisha kuyameza, kwa hiyo hakukuwa na wa kunipinga. Tena nilikuwa na ushahidi wa pili. Mama alishona kofia tangu mchezo unaanza hadi unakwisha, macho yake hayakuinuka. Lakini Pandu akisema, sindano ilisimama. Nilikuwa nikimtazama yeye, siitazami redio. Nikaweka hili na lile pamoja, nikafunga moyoni. Niliona kwamba mama anajua na ananificha, kama watu wazima wanavyoficha mambo, basi na mimi nikamfichia.

Halafu ikaja Alhamisi ya mwisho. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Sajini Faki amepata habari kwamba Pandu karudi mjini. Tunamsikia Siwema peke yake nyumbani, anapepeta mchele, ungo unapiga shaa, shaa. Mlango unabishwa. "Hodi." Sauti ni ya chini, huwezi kuitambua. Kikohozi. Mara moja tu, kisha mawimbi yakapanda. Yalipotulia tukasikia kitu kama chuma kinagongana. Ungo ukawekwa chini. Siwema akasema, "Karibu." Komeo likafunguka. Kisha muziki, na mchezo ukawa umekwisha kabisa.

Uani palilipuka.

"Pandu huyo!" alipiga kelele Bi Aziza, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. "Kikohozi kile nakijua kuliko cha mume wangu!"

"Na funguo?" Mjomba Seif akamjibu. "Hukusikia funguo? Nani anatembea na funguo kama si Sajini?"

"Komeo lile, Seif! Komeo la mlango! Wewe ungependa watu wote wafungwe."

"Komeo lilikuja baadaye. Kwanza funguo, kisha karibu, kisha komeo. Hebu tuulizane kwa utaratibu."

"Ati kwa utaratibu! Hapa si bandarini, hapa."

Wiki nzima hawakunyamaza, na ya pili, na ya tatu. Nyumba zetu zikagawanyika, wa Pandu upande huu, wa Sajini upande ule. Mama hakusema neno. Mimi nilikuwa wa Pandu, lakini si kama wao. Wao walikuwa wakishindana. Mimi nilikuwa nikingoja hodi ya kweli.

Sikujua kwamba katika siku hizohizo Mjomba alikuwa akizungumza na mama jambo jingine. Kule tulikotoka, mwanamke aliyepotewa na mumewe alifundishwa kungoja mpaka apate yakini ya kifo, hata kama ni umri wake wote. Huku masheikh wengi walifuata kauli nyingine: habari zikikatika miaka minne, mwanamke akaenda mbele ya kadhi akataka hukumu, kadhi anaweza kuhukumu kwamba mume amekufa, basi mke anakaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, kisha yu huru. Yote mawili ni ya wanavyuoni wakubwa, na Mungu awalipe wote. Lakini mama alikuwa kati ya hayo mawili, si mke wala si mjane, kijana bado, na miaka minne ilikuwa imekwisha kupita. Mjomba alimsihi. Mama alichukua muda mrefu, na mwishoni akakubali kwenda.

Alinichukua mimi. Mama hakukijua Kiarabu zaidi ya kile cha sala na sokoni, na mimi nilikuwa nikisoma skuli ya hapa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake, kwa daktari, kwa muuza vitambaa, kila mahali. Sheikh, ambaye ndiye aliyekuwa kadhi, alitupokea barazani kwake baada ya Alasiri. Alikuwa mzee mwenye macho mekundu ya kusoma, akanipa tende kwanza kabla ya kuuliza lolote. Kisha akamwomba Mjomba atoke nje, maana alitaka kulisikia neno la mama mwenyewe, lisilosukumwa na kaka.

Aliuliza jina la mume, lini walionana mara ya mwisho, nani alikuwapo. Nikatafsiri vizuri, najiona mkubwa. Kisha akauliza, "Tangu barua ya pili, imefika habari yake yoyote? Kwa mtu, kwa maandishi, kwa njia yoyote?"

Nikamwambia mama kwa Kiswahili. Mama akatazama chini. "Hapana," akasema. "Haikufika."

Nami nikamgeukia sheikh nikasema kwa Kiarabu, "Ndiyo. Imefika."

Ndiyo ya Kiarabu ni neno ambalo hata mama alilijua. Aliinua kichwa. Sheikh naye akatutazama wote wawili.

"Mama yako amesema hivyo?"

"Mimi ndiye ninayesema," nikajibu. "Nimemsikia baba redioni. Kila Alhamisi. Yuko hai, wanamtafuta, lakini amekwisha kurudi, kabisha mlango."

"Redioni," sheikh akasema.

"Redio ikisema mwezi umeandama, sheikh, si tunakula Idi? Mwaka huu hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeuona mwezi. Hata Mjomba hakuuona. Tuliisikia redio tu, na wewe mwenyewe ukatusalisha Idi. Basi kwa nini yangu isikubaliwe?"

Leo nikiwaeleza watu, hufika hapa wakacheka. Yule mzee hakucheka. Alijisogeza mbele akakaa karibu nami, akajibu kama anavyojibiwa mtu mzima.

"Umesema kweli, tulikula Idi kwa neno la redio. Lakini redio haikuuona mwezi. Waliouona ni watu, wanajulikana kwa majina na kwa baba zao, wakaja wakashuhudia, na redio ikayabeba maneno yao. Sasa niambie wewe, nani amemwona baba yako?"

Nikafikiri. Sikuwa na jina hata moja.

"Amekutaja wewe? Amemtaja mama yako?"

"Hapana," nikasema. "Hajatutaja."

Akaniongezea tende. Kisha akasema neno ambalo nililitafsiri kwa mama likiwa linanichoma ulimi: "Leo sihukumu. Nyumba hii ina shahidi ambaye mama yake hajazungumza naye. Nendeni, mzungumze, kisha mrudi mkitaka."

Njiani Mjomba aliuliza mara tatu kulikoni. Mama alimwambia, "Seif, tutasema baadaye," na sauti yake ilimnyamazisha. Nilijua nitapigwa. Tulipofika alifunga mlango wa chumba, akakaa mkekani, akanivuta nikae mbele yake.

"Mwanangu. Umemwambia nini sheikh?"

Nikamwambia yote. Kikohozi. Funguo zilizokuwa komeo. Mwezi. Alisikiliza bila kunikata.

"Na wewe unajua," nikamaliza, sasa nalia. "Unajua ni yeye! Kila akisema sindano yako inasimama. Nakuona."

"Sindano yangu?"

"Ee. Kila Alhamisi."

Akaitazama mikono yake kana kwamba ilikuwa imemsengenya. Kisha akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sikuwa nikimsikiliza Pandu," akasema. "Nilikuwa namngoja Siwema. Pandu akisema, najua baada yake atajibu Siwema, na mimi nilitaka nisikie anajibu nini. Kila wiki nasema, labda leo atasema, na mimi nijue na mimi niseme nini."

"Kwani baba siye?"

"Siye, mwanangu. Baba yako alikohoa hivyo kwa sababu ya tumbaku. Wako wengi."

Nililia sana. Aliniacha nilie, hakunihimiza. Nilipotulia nikauliza kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukiuliza. "Basi mlangoni alikuwa nani?"

"Sijui. Nyote mmegombana wiki tatu nani kabisha, na hakuna aliyesikia Siwema kafanya nini."

"Kasema karibu."

"Na kabla ya karibu?"

Nikafikiri. "Aliweka ungo chini."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

Hapo nikaelewa, maana jambo lile yeye mwenyewe alinifunza tangu najua kusema. Kwetu, mwanamke ambaye mumewe yuko safarini hajibu hodi kwa karibu. Huuliza kwanza, nani? Asikie jina, alipime, ndipo akaribishe au aseme mwenyewe hayupo. Mama hakuwahi kukosea, hata akiwa na homa, hata mbishaji akiwa Bi Aziza ambaye hatua zake zilisikika tangu kona ya pili. Na Siwema vilevile: wiki zote zile, kila hodi, "Nani?" Siku ya mwisho tu hakuuliza.

"Alisahau?" nikasema.

"Hakusahau. Alikuwa amemaliza kungoja. Awe Pandu, aingie. Awe Sajini, aingie. Lakini yeye hatakaa tena nyuma ya mlango akipima sauti za watu."

Nikamtazama. Nilikuwa mtoto, lakini si mpumbavu. "Na wewe umemaliza?"

"Mimi nimemaliza. Lakini wewe hujamaliza, na mimi sikujua kama nawe unangoja. Nilidhani nangoja peke yangu. Hilo ni kosa langu, unisamehe." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi kabla ya siku ile. "Sitarudi kwa sheikh mpaka uniambie kwamba utaweza kusema ninachosema, bila kuongeza wala kupunguza."

Mjomba alipopata habari alisema kwamba hilo ni jambo dogo, yeye atatafsiri. Mama akakataa. "Atatafsiri mtoto," akasema, "au sendi." Mjomba alikasirika, akasema umeona wapi mambo ya watu wazima yakiachiwa mtoto. Mama hakubishana naye. Wala hakuniuliza, si siku ile, si wiki ile. Alishona kofia zake. Mimi nilikwenda skuli, nikarudi, nikalala, na kila nilipoomba dua baada ya sala nilifika kwa baba nikakwama, sijui nimwombee arudi au nimwombee rehema. Nilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nikiifikiria leo subira yake ile, nasema alhamdulillah kwa kuzaliwa na mama yule. Angeweza kunipita, na hakuna ambaye angemlaumu.

Asubuhi moja, ananisuka nywele, nikamwambia, "Nitaweza."

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akamaliza kusuka hadi ncha ya nywele, akavaa buibui, tukaenda. Sheikh alikuwa barazani, Mjomba alitolewa nje tena, na maswali yalikuja kwa mpango uleule. Tulipofika kwenye lile, mzee hakumtazama mama. Alinitazama mimi. "Imefika habari yake yoyote, kwa njia yoyote?"

Nikamwambia mama kwa Kiswahili.

"Hapana," mama akasema.

Nikavuta pumzi. Neno la Kiarabu la hapana ni fupi, pumzi moja tu, na sijapata kubeba kitu kizito kama lile tangu siku ile hadi leo, nami nimewazika wengi. Nililisema. Sheikh akauliza tena kwa upole, kama sheria inavyomtaka, na nikalisema tena. Akaandika. Kisha akainua mikono akamwombea baba yangu kwa jina lake na jina la baba yake, na sisi tukaitikia amini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia baba akiombewa maghufira.

Tulirudi jua likiwa kali, karibu na Adhuhuri. Mama alioga, akavaa nguo nyeupe za eda alizokuwa amezishona mwenyewe bila mimi kujua, tukasali pamoja. Baada ya sala alijilaza palepale mkekani, mkono chini ya shavu, akalala. Sikuwahi kumwona mama akilala mchana. Miaka yote ile alikuwa mtu wa kujilaza sikio moja wazi, mara aamke, mara akae, aulize, "Kuna nini? Kuna mtu kaja?" hata kama ni paka tu kapita uani. Siku hiyo alilala kinywa wazi kidogo, kama mtoto, pumzi inakwenda mbali inarudi. Mjomba alichungulia mlangoni, ana karatasi ya sheikh mkononi, anataka kumwambia jambo.

"Muache, Mjomba," nikanong'ona. "Amelala."

Akatazama, akavua kofia, akaondoka kwa ncha za vidole.

Nilikaa karibu naye nikampepea kwa kipepeo cha ukili, nikifukuza nzi na joto, mpaka kivuli cha ukuta kikajaa uani na adhana ya Alasiri ikaanza. Sikutaka kumwamsha, lakini sala ni sala. Nikamgusa bega. Akafumbua macho, hakustuka, ila mazoea ya miaka yalikuwa bado mdomoni mwake.

"Kuna nini?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Ni Alasiri tu."